Barabara za Turkana Hazikujengewa Watalii

Gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani linapotoka Kitale, likashuka Marich na kupita Kainuk na Lokichar hadi Lodwar, mwenyewe hujiona ameingia nyika isiyoguswa. Njia yenyewe inasimulia mengine. Chini ya wakoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: mgeni hakuingia bila kibali. Umbali wake ndio uliowavutia wakoloni kuifanya mahali pa kuficha watu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung kuanzia 1953, akahamishiwa Lodwar mwaka 1959 na kukaa huko chini ya ulinzi hadi 1961. Njia za magari za kaskazini zilihudumia boma la serikali, askari na wafungwa miaka mingi kabla ya mtu kupiga hema kwa starehe chini ya mikoma. Waturkana wenyewe, tukumbuke, walikuwa wakihama na makazi yao juu ya punda bila kumngoja mhandisi.

Baada ya uhuru, lami pia haikuletwa na watalii. Wanorwei waligharimia barabara ya kutoka kusini pamoja na kiwanda cha samaki Kalokol. Ziwa Turkana likajiondoa kwenye Ghuba ya Ferguson, kiwanda kikabaki bila kazi, na mwaka 1990 Kenya na Norwei zikavunja uhusiano wa kibalozi. Kaskazini zaidi, vita vya Sudan viliigeuza Lokichoggio kuwa kituo cha misaada kuanzia 1989, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa mwaka 1992. Tangu hapo aliyelala ndani ya gari lake kati ya Lodwar na Kakuma amekuwa akifuata nyayo za malori ya mahindi na mafuta ya kupikia. Lami ilipochakaa, madereva waliiacha na kupita kando yake mchangani, wakipunguza upepo wa matairi ili gurudumu litanuke lisizame. Anayejua laga, yaani mito ya msimu yenye mchanga, hupunguza upepo kabla ya kuingia, wala hangoji kukwama. Mvua ya milimani, mpakani na Uganda, huweza kuujaza mto Tarach maji hata kama juu ya Kakuma hakuna wingu.

Kuna watakaopinga hoja hii kwa kuitaja Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyoanzishwa 1973 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Lakini Sibiloi ilihifadhiwa hasa kwa sababu ya visukuku vya Koobi Fora, na iko ng'ambo ya ziwa. Aliyefika Lodwar na nyumba yake ya magurudumu ameikaribia kwenye ramani tu; kwa gari itambidi azunguke hadi upande wa pili wa nchi. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la Turkana Bus, lori la miaka ya 1970 lililopeleka wageni kupiga kambi upande wa mashariki wa ziwa. Huo ulikuwa utalii halisi, nakubali. Hata hivyo lori lile lilipita njia lilizozikuta, na zilipokuja kuboreshwa, kilicholazimisha kazi hiyo ni mitambo 365 ya umeme wa upepo, ambayo mabawa yake yasingefika bila kutengenezwa takriban kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis.

Wengine watauliza kuna ubaya gani mgeni kutumia njia iliyojengwa kwa kazi nyingine. Hakuna ubaya, ila kazi ile ikiisha, njia huachwa. Amani ya Sudan ya 2005 ilipunguza shughuli za Lokichoggio, na samaki wa Kalokol tumekwisha kuwaona. Mafuta ghafi ya Lokichar nayo yalianza kusafirishwa kwa malori hadi Mombasa Juni 2018, na muda si mrefu wakazi wakayasimamisha wakidai usalama. Kwa hiyo kaunti ikitaka fedha za wenye magari ya kulala, isianze na lango la hifadhi wala bango la kuwakaribisha. Ianze pale dereva wa lori anapoegesha, yaani Lokichar, Lodwar na Kakuma, kwa sababu shida zao ni zilezile: maji safi, uwanja wenye mlinzi usiku, fundi wa springi, na mtu wa kuwaambia kama laga ya mbele inapitika.