Ukuta wa Boma na Kazi ya Mwashi katika Arusha

Kabla ya mwaka wa 1899 mteremko wa mlima Meru haukuwa na mji wa mawe. Nyumba za Waarusha na Wameru zilijengwa kwa miti, fito, udongo, nyasi na majani ya migomba. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na umri mfupi, lakini matengenezo yake hayakuwa na fumbo. Mwenye nyumba alijua kila nguzo ilikotoka. Nguzo ilipoliwa na mchwa aliing'oa akasimamisha nyingine. Kazi ilipomzidi aliita majirani, akawapa chakula na pombe, naye kesho yake akaitwa kwao. Aliyejenga na aliyelala ndani walikuwa mtu mmoja, au walikuwa ndugu. Kwa hiyo swali la nani atajibu ukuta ukipasuka halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Swali hilo lilikuja na jiwe, na jiwe lilikuja na bunduki. Katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru. Kapteni Kurt Johannes akatoka Moshi na askari wake, pamoja na wapiganaji wa Kichaga, akalipiza kisasi: nyumba zilichomwa moto, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatekwa. Miaka mitatu baadaye Wajerumani waliamua kukaa. Luteni Georg Küster, ambaye wenyeji walimpa jina la Bwana Fisi, aliamrisha boma lijengwe, nalo likasimama mwaka wa 1900. Mwaka huo huo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli alinyongwa huko Moshi pamoja na watu wengine 18, miongoni mwao wakubwa wa Arusha na Meru.

Walioshindwa vitani ndio waliofanywa wajenzi. Walikusanywa kwa nguvu, wakabeba mawe na chokaa, na kiboko kikawa msimamizi wa kazi. Hakuna aliyeulizwa kama aitaka kazi, wala kama aijua. Wako watu wapendao kusema kwamba ukuta mwema ni ushahidi wa moyo mwema wa mjenzi. Boma la Arusha lakanusha. Kuta zake nyeupe zimepita zaidi ya miaka 120, zimetawaliwa na serikali tatu, na tangu mwaka wa 1987 zimehifadhi makumbusho ya viumbe vya asili. Ni kazi imara iliyofanywa na mikono isiyotaka kuifanya. Ni vigumu kuusifu ukuta huo, na ni vigumu vile vile kuudharau, kwa maana kuudharau ni kuwadharau waliobeba mawe.

Waingereza waliiteka Arusha mwaka wa 1916. Chini yao kiboko kilififia, kikaja kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama ilipokamilika. Neno kibarua lenyewe latokana na barua, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kipande kilihesabu siku za mtu, hakikuhesabu ubora wa kazi yake. Mwenye kuchanganya chokaa vizuri na mwenye kuichanganya vibaya walitiwa alama moja. Ufundi ulihesabiwa kwa wengine, na hasa kwa mafundi wa Kihindi, ambao walikuwa na timazi na mwiko wao, na waliopatana bei ya nyumba nzima. Vijana wengi wa Kiafrika waliojifunza uashi walijifunza kwa kuwapelekea mafundi ndoo za udongo, huku macho yao yakifanya kazi ambayo hawakulipwa.

Reli ilifika Arusha mwaka wa 1929, na mizigo mizito ikapata njia. Lakini saruji haikuwa kitu cha kila mtu mpaka baadaye sana, kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka wa 1966 na kile cha Tanga mwaka wa 1980. Tangu hapo chokaa ilishushwa cheo ikawa rangi ya ukuta tu. Hasara yake haikuonekana upesi. Chokaa ni laini. Ukuta ukicheza kidogo, nayo hucheza. Maji yakiingia, huyaachia yatoke. Saruji ni ngumu na hufunga. Ikipakwa juu ya ukuta wa zamani wa mawe laini au matofali, unyevu hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na uso wa tofali hubanduka vipande vipande wakati lipu ingali inang'aa. Mwenye nyumba hufurahi mwaka wa kwanza na kulia mwaka wa tano.

Kwamba kutengeneza si kazi ndogo kuliko kujenga, Zanzibar ilionyesha kwa msiba. Beit al-Ajaib, jumba la mawe ya matumbawe na chokaa alilojenga Sultani Barghash mwaka wa 1883, liliyavumilia mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Halikuvumilia matengenezo. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya jumba ilianguka, na watu wawili wakafa.

Sheria nayo ilikuja polepole. Mwaka wa 1972 Tanzania ilitunga sheria ya wasanifu, wakadiriaji na wakandarasi wa majengo, na mwaka wa 1997 wakandarasi wakapewa bodi yao wenyewe. Mkandarasi aliyesajiliwa ana jina, daraja na mahali pa kushtakiwa. Lakini katika kata kama Sokon I, upande wa kusini wa jiji, ukuta wa nyumba ya mtu wa kawaida huaminiwa kwa fundi aliyeletwa na jirani, kwa mapatano ya mdomo. Ardhi ya huko ina majivu ya volkano. Meru yenyewe ilitema majivu mwaka wa 1910. Udongo wa namna hiyo ukikauka ni mwepesi, na masika ya Machi hadi Mei huuchukua bila taabu, hasa penye kona ambapo maji ya bati huanguka pasipo mfereji. Tena ardhi hutikisika: tetemeko la tarehe 17 Julai 2007, lililotoka upande wa Gelai, lilisikika mpaka Nairobi.

Fundi anayetaja bei akiwa amesimama mlangoni, ameutazama ufa tu. Fundi mwingine huomba jembe kwanza, akachimba kando ya kona mpaka auone msingi, akauliza ufa ulianza mwaka gani na kama unapanuka. Bei yake huchelewa, na mara nyingi huwa kubwa zaidi. Wazee waliokwisha kujenga mara mbili humpa yeye kazi. Humlipa sehemu msingi unapofunuliwa, sehemu unapojazwa mawe, na iliyobaki huishikilia mpaka masika yapite.