Ruzizi: fundisho la safari mbili

Mwezi wa nne mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walitumaini kwamba Ruzizi unatoka katika Ziwa Tanganika kwenda kaskazini. Wana watatu wa Sultani Maruta wa Uvira wakawaeleza kwamba mto unaingia ziwani. Wapiga kasia wakakataa kwenda mbele, nao wageni wakarudi pasipo kuuona. Lakini mwaka 1864 Burton akaliweka kando neno la wenyeji, akaandika kwamba Ruzizi unatoka ziwani.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji, wakafika mlangoni mwa mto. Livingstone alikuwa amedhani maji yanakwenda kaskazini. Akaona yanaingia, akaliacha wazo lile. Neno la wana wa Maruta likathibitika, baada ya miaka 13.

Nasi mapadri hutumwa mbali na kwetu. Miguu peke yake haimgeuzi mtu: Burton alitembea kuliko wengi. Safari humkuza anayekubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji. Basi, ndugu, ukifika katika misioni mpya, muulize kwanza katekista: yeye ajua mto unakwenda upande gani.