Kiti Kimoja cha Nairobi: Uchaguzi wa Mwaka 1957

Mtu atokaye Kawangware kwenda katikati ya mji wa Nairobi hupita katika barabara iitwayo Argwings Kodhek, barabara ikatayo mitaa ya Kilimani na Hurlingham upande wa magharibi. Akifika mjini na kutembea mpaka Barabara ya Moi, ataikuta sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011. Maelfu ya watu hupita hapo asubuhi na jioni, wanafunzi wakiwa na mikoba yao na wachuuzi wakiwa na bidhaa zao. Wachache tu ndio wajuao kwamba watu hawa wawili, mmoja mwenye barabara na mwingine mwenye sanamu, waliwahi kushindania kiti kimoja, na kwamba shindano lao ni mojawapo ya milango ambayo nchi hii iliipitia ilipokuwa ikielekea kwenye uhuru.

Ili tuifahamu habari hiyo, yatupasa kwanza turudi nyuma kidogo. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza kukutana mwaka 1907. Walowezi wa Kizungu walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1919, wakachagua wajumbe wao mwaka uliofuata. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kupita wote, hawakuwa na mtu wao ndani ya Baraza hata mwaka 1944, alipoingia mwalimu Eliud Mathu. Naye Bwana Mathu hakuchaguliwa na watu. Aliteuliwa na Gavana. Alisema kwa ujasiri, na maneno yake yalikuwa na uzito, lakini mjumbe aliyeteuliwa ni kama mgeni mezani: hula alichopakuliwa. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni tano, na Wazungu kama elfu thelathini tu. Basi msomaji na apime mwenyewe mizani hiyo ilivyokaa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1953 chama cha KAU kilipigwa marufuku. Mwezi wa Aprili mwaka 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka vizuizini. Mwaka huo huo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alileta katiba mpya. Katika katiba hiyo palikuwa na Waziri mmoja tu Mwafrika, Bwana B. A. Ohanga, ambaye naye alikuwa mjumbe wa kuteuliwa. Waafrika waliahidiwa kwamba siku moja watachagua wajumbe wao wenyewe. Serikali ikamtuma Bwana Walter Coutts achunguze namna ya kuwapa Waafrika kura.

Taarifa ya Bwana Coutts ilileta jambo la ajabu. Haikusema kwamba kila mtu mzima apige kura moja. Ilisema kwamba Mwafrika apimwe kwanza: je, amesoma kiasi gani? Ana mali au mshahara kiasi gani? Ametumikia serikali miaka mingapi? Aliyefaulu katika kipimo kimoja alipata kura moja. Aliyefaulu katika vipimo vingi aliweza kupata kura mbili, hata tatu. Hivyo mtu mmoja aliweza kuhesabiwa kama watu watatu, na jirani yake, mchukuzi au mkulima asiye na cheti, asihesabiwe kabisa. Zaidi ya hayo, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuonyesha hati ya utii, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba hawakuunga mkono Mau Mau. Wasiokuwa nayo walikaa nje.

Msidhani, enyi vijana, kwamba hila kama hii ilikuwa ya Kenya peke yake. Hata huko Marekani, nchi yenye kujivunia uchaguzi wake, watu weusi wa majimbo ya kusini walizuiwa miaka mingi kwa mitihani ya kusoma na kuandika na kwa kodi ya kura, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipozikomesha hila nyingi za namna hiyo. Na maseneta wao, ambao leo huchaguliwa na watu wa jimbo zima, walikuwa wakichaguliwa na mabaraza ya majimbo mpaka katiba ilipobadilishwa mwaka 1913. Haki ya kura haikushuka kutoka mbinguni mahali popote. Ilidaiwa hatua kwa hatua.

Viti vya Waafrika vilivyotolewa mwaka 1957 vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Kimoja kilikuwa cha Nairobi, mji wote ukiwa jimbo moja. Hapakuwa na mtu aliyekwisha kukikalia kwa kura za Waafrika. Kilikuwa wazi, na kila mwenye macho aliona kwamba atakayekipata atasikika mbali kuliko wenzake, kwa kuwa Nairobi ndiyo iliyokuwa makao ya Gavana, ya magazeti na ya vyama vya wafanyakazi.

Wa kwanza kati ya wagombea wakuu alikuwa wakili Clement Argwings-Kodhek. Alizaliwa mwaka 1923, akasomea sheria Uingereza, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili nchini. Katika siku za Hali ya Hatari, ambapo mawakili wengi waliogopa hata kuonekana karibu na mshitakiwa wa Mau Mau, yeye alisimama mahakamani kuwatetea washitakiwa wa namna hiyo. Mwaka 1955 serikali iliporuhusu vyama vya siasa vya wilaya tu, yeye alitaka kuunda chama cha nchi nzima. Alipokataliwa, alikubali jina la wilaya, na chama chake kikaitwa Nairobi District African Congress. Basi alikuwa na sifa ya mtu asiyeogopa.

Wa pili alikuwa Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba hilo. Alisomea ukaguzi wa afya katika chuo cha Kabete, kando ya mji upande wa magharibi, akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Hapo ndipo alipojifunza kwa mwili wake maana ya ubaguzi, kwa maana kazi ya mkaguzi Mwafrika na ya mkaguzi Mzungu ilikuwa moja, lakini mishahara ilikuwa miwili. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi. Mwaka 1955 wachukuzi wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda huko akasaidia kupatanisha na kuwapatia nyongeza. Baadaye alikwenda Oxford kusoma, akazuru Marekani, akarudi mwishoni mwa mwaka 1956, miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Watu hawa wawili hawakutofautiana katika shabaha. Wote wawili waliichukia katiba ya Lyttelton; wote wawili walitaka Waafrika waongezewe viti; wote wawili walikuwa Wajaluo, hata kabila halikuweza kuwa kipimo baina yao. Tofauti ilikuwa katika silaha. Mmoja alikuja na sheria na historia ya kuwatetea wanyonge kortini. Mwingine alikuja na jeshi la wafanyakazi lenye viongozi wake katika reli, katika viwanda na katika mitaa ya Waafrika upande wa mashariki wa mji, kama Pumwani, Kaloleni na Makongeni. Mchaguzi wa Nairobi hakuulizwa nani mwema na nani mbaya. Aliulizwa swali gumu zaidi: kati ya watu wawili wema, ni nani atakayeifanya kazi hii vizuri zaidi?

Palikuwa na swali jingine zito kuliko hilo. Je, ilikuwa haki kushiriki katika uchaguzi wenye masharti ya dhuluma? Maelfu ya watu walikuwa vizuizini. Wengi wa wakaazi wa Nairobi hawakuwa na kura. Mtu angeweza kusema, na kwa haki, kwamba anayeingia katika nyumba iliyojengwa kwa hila huibariki hila yenyewe. Lakini mtu mwingine angeweza kujibu kwamba mlango uliofunguliwa kidogo haufungwi kwa kuususia, bali husukumwa na aliyekwisha kutia mguu ndani. Wagombea wote wawili walichagua njia hii ya pili, na yaliyofuata ndiyo yatakayotuonyesha kama walikosea.

Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Machi mwaka 1957. Kura zilipohesabiwa, Mboya alikuwa amepata 2,138 na Argwings-Kodhek 1,746. Tofauti haikufika kura mia nne. Tena kumbukeni kwamba kura hizo si hesabu ya vichwa, maana mtu mmoja aliweza kupiga hata tatu. Watu wachache tu, waalimu kadhaa na makarani kadhaa wenye kura zao tatu tatu, wangaliweza kuyageuza matokeo. Mahali pengine mageuzi yalikuwa makubwa vilevile. Bwana Mathu aliangushwa na Bernard Mate katika Mkoa wa Kati. Bwana Ohanga aliangushwa na Oginga Odinga katika Nyanza ya Kati. Pamoja nao waliingia Ronald Ngala wa Pwani, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Masinde Muliro, Lawrence Oguda na James Muimi.

Serikali ilitumaini kwamba wajumbe hawa wanane, wakiisha kukaa katika viti vya Baraza chini ya mnara wa saa, watapoa. Hawakupoa. Waliungana mara moja, Odinga akiwa mwenyekiti wao na Mboya katibu, wakatangaza kwamba hawaitambui katiba ya Lyttelton, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayekubali uwaziri. Wakadai viti kumi na vitano zaidi. Bila Waafrika waliochaguliwa kushiriki, serikali haikuweza kuendelea kama ilivyopanga. Mwisho wa mwaka 1957 Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, ilimbidi aifute katiba ile na kuleta nyingine, iliyoongeza viti sita vya Waafrika. Hivyo wakawa kumi na wanne, sawa na Wazungu waliochaguliwa. Wajumbe wakaikataa hiyo nayo, wakaendelea kusukuma. Mwanzoni mwa mwaka 1960 mkutano wa Lancaster House mjini London ulikubali kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza. Tarehe 12 Desemba mwaka 1963 Kenya ikawa huru.

Na yule aliyeshindwa? Wengine wakishindwa huivunja meza ili asile mtu. Argwings-Kodhek hakuiacha siasa. Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Gem, akaitumikia serikali ya uhuru pamoja na yule yule aliyemshinda, hata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mboya naye, pamoja na kazi zake nyingine, alitumia jina alilolipata kwa kura zile chache kuwatafutia vijana nafasi za masomo huko Marekani. Ndege ya kwanza ya wanafunzi hao iliondoka Nairobi mwaka 1959 ikiwa na vijana themanini na mmoja.

Mwisho wao ulikaribiana kwa namna ya kuhuzunisha. Mwezi wa Januari mwaka 1969 Argwings-Kodhek alikufa kwa ajali ya gari huko Hurlingham, katika barabara ambayo leo ina jina lake. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo Mboya alipigwa risasi mchana, akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ndiyo Barabara ya Moi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Ndani ya miezi sita Nairobi iliwazika wote wawili moyoni mwake.

Leo Nairobi ina majimbo kumi na saba ya ubunge, na tangu mwaka 2013 wakaazi wa mji wote huchagua pia seneta mmoja, kama vile mwaka 1957 walivyochagua mjumbe mmoja. Lakini wapigaji kura walioandikishwa sasa ni zaidi ya milioni mbili, na kila mmoja ana kura moja, awe profesa wa Chuo Kikuu au muuza mboga wa Kangemi. Hakuna anayeulizwa cheti, wala mshahara, wala hati ya utii.

Wapo vijana wasemao, nami huwasikia hata darasani, kwamba kura moja haina uzito katika mamilioni. Siwakemei, kwa maana mara nyingi wameona ahadi zikivunjwa. Ila nawaomba, siku wapitapo Hurlingham, walisome jina lile la barabara, na wakifika mjini waitazame sanamu ile. Wakumbuke kwamba watu wazima wa mji huu waliwahi kupimwa kwa cheti na mshahara kabla ya kupewa karatasi ya kura, na kwamba wengi walirudishwa. Haba na haba hujaza kibaba: viti vinane vilizaa kumi na vinne, na kumi na vinne vikazaa Bunge la nchi huru. Asiyejua gharama ya kitu hukiuza rahisi. Nasi kura tulizo nazo tulinunuliwa kwa bei kubwa.