Kutoka Polisi hadi Upelelezi wa Kibinafsi: Leseni Inaruhusu Nini na Inakataza Nini

Afisa wa polisi anayestaafu hurejesha sare, kitambulisho cha kazi, pingu na silaha aliyokabidhiwa. Kisichorejeshwa ghalani ni ujuzi wake: namna ya kumhoji shahidi bila kumtisha, kulisoma eneo la tukio, na kuandika taarifa itakayosimama mahakamani. Ndiyo sababu si wachache miongoni mwa wanaoondoka katika Huduma ya Kitaifa ya Polisi, hasa waliohudumu katika Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, wanaofikiria kuendelea na kazi ya upelelezi wakiwa raia.

Kazi hiyo ni halali nchini Kenya, lakini si huria. Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi, Nambari 13 ya mwaka 2016, imemweka mpelelezi wa kibinafsi katika kundi moja na mlinzi wa lango na kampuni za ving'ora. Wote ni watoaji wa huduma za usalama wa kibinafsi, na wote wanapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi, ijulikanayo kwa kifupisho PSRA, kabla ya kumpokea mteja wa kwanza. Miaka thelathini ya utumishi haimwondolei mtu wajibu huo. Aliyekuwa Inspekta hupanga foleni moja na kijana ambaye hajawahi kuvaa sare.

Masharti ya usajili

Mwombaji binafsi anatakiwa kuwa raia wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 18, mwenye akili timamu, aliyepata mafunzo yanayotambuliwa na Mamlaka, na asiyekuwa na hukumu ya jinai ya kumzuia. Huhitajika pia kitambulisho cha kitaifa, nambari ya mlipa ushuru na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, ambacho huombwa kupitia jukwaa la eCitizen na kukamilishwa kwa alama za vidole. Baadhi ya wastaafu huona ajabu kuombwa cheti hicho na idara waliyoitumikia. Sababu ni rahisi: cheti huonyesha rekodi ya mtu ilivyo leo, si ilivyokuwa siku aliyoajiriwa.

Kwa aliyetoka polisi kuna karatasi nyingine yenye uzito, nayo ni ile inayoeleza jinsi alivyoondoka kazini. Kustaafu kwa umri, kujiuzulu na kufutwa kwa utovu wa nidhamu si jambo moja, na msajili ana haki ya kujua tofauti hiyo. Ni vyema afisa ahakikishe hati zake za kuondoka zimekamilika kabla hajakabidhi ofisi. Kuzifuatilia miaka miwili baadaye, mkuu wake akiwa amehamishwa na faili imepelekwa makao makuu, ni kazi ya kuchosha.

Kuhusu mafunzo, cheti cha Kiganjo au cha chuo cha wapelelezi wa jinai ni hoja nzuri katika maombi. Hata hivyo, Sheria inazungumzia mafunzo yanayotambuliwa na Mamlaka, kwa hiyo mwombaji aulize mapema iwapo aliyo nayo yanatosha badala ya kudhani. Anayetaka kufungua kampuni husajili kampuni yenyewe pia, pamoja na kupata kibali cha biashara cha kaunti.

Afisa aliyeko kazini hawezi kuanza biashara hii pembeni akisubiri kustaafu. Mwenye kulipwa mshahara wa kudumu na umma haruhusiwi kufanya kazi nyingine ya malipo inayogongana na wajibu wake, na ni vigumu kupata mgongano ulio wazi kuliko afisa wa upelelezi anayemuuzia mwananchi upelelezi.

Mamlaka hayasafiri na mtu

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Usajili wa PSRA humruhusu mtu kufanya kazi na kulipwa. Haumrudishii hata chembe ya mamlaka aliyokuwa nayo akiwa polisi. Hawezi kumwita mtu kituoni, hawezi kuomba hati ya upekuzi, na hakuna anayelazimika kumjibu. Mlango ukifungwa usoni pake, umefungwa.

Uwezo wake wa kukamata ni ule ule wa kila raia. Kifungu cha 34 cha Kanuni za Utaratibu wa Jinai, Sura ya 75, kinamruhusu mtu yeyote kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi huweza kulikamatia bila hati, au anayeshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Kifungu kinachofuata kinaagiza aliyekamatwa akabidhiwe kwa afisa wa polisi, au apelekwe kituo kilicho karibu, bila kuchelewa pasipo sababu. Kumweka mtu ofisini saa tatu "akisaidia uchunguzi" hakumo. Kadhalika, usajili si leseni ya bunduki. Anayetaka silaha ya kiraia huomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha kama wengine, na anaweza kunyimwa.

Kujitambulisha nako kuna mipaka. Mstaafu anayebisha hodi na kusema "mimi ni wa DCI" anatenda kosa hata kama alikuwa wa DCI mwezi uliopita. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inaadhibu kujifanya mtumishi wa umma kwa kifungo cha hadi miaka mitatu.

Mfano wa kazi ilivyo

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya bima inadaiwa fidia na mtu anayesema aliumia mgongo katika ajali ya matatu na kwamba hawezi tena kuinua kitu. Kampuni ina shaka, inamwajiri mpelelezi aliyesajiliwa. Mpelelezi anaweza kwenda sokoni na kumpiga picha mdai akipakia magunia ya viazi kwenye pikapu, kwa kuwa yuko mahali pa wazi mbele ya watu wote. Anaweza kuzungumza na majirani wanaokubali kuzungumza. Anaweza kuomba nakala ya rekodi ya gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama kwa njia rasmi, kupata hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni inayomiliki matatu hiyo, na kusoma hukumu za mahakama zilizochapishwa ili kuona iwapo mdai huyo aliwahi kudai fidia ya aina hiyo.

Hawezi kupanda ukuta wa boma la mdai. Hawezi kurusha droni juu ya uwanja wake bila kufuata kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege za mwaka 2020. Wala hawezi kumwomba karani wa hospitali ampigie picha faili ya mgonjwa, kwani taarifa za afya ni miongoni mwa data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Upelelezi ukionyesha dalili za ulaghai, jambo hilo hupelekwa kwa kitengo cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima kilichoko katika Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na mpelelezi hubaki kuwa shahidi.

Ushahidi wake ndio bidhaa yenyewe. Picha na video zitakazotumika kortini zinahitaji cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa. Kifungu cha 50(4) cha Katiba nacho kinaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu ukataliwe iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Mteja anaweza kulipa pesa nyingi kwa ushahidi ambao jaji hatautazama.

Simu ya rafiki wa zamani

Kishawishi kikubwa cha mpelelezi aliyetoka polisi ni orodha ya namba katika simu yake. Ana mwenzake wa kuruta aliyeko bado DCI, mwingine yuko kampuni ya simu, mwingine ofisi ya uhamiaji. Mteja anataka kujua mumewe alimpigia nani usiku, na jibu liko umbali wa ujumbe mmoja.

Ujumbe huo unaweza kumfunga. Polisi wenyewe hupata rekodi za simu kwa utaratibu wa kisheria, kwa ajili ya uchunguzi ulio rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Data inamfanya mkosaji mtu anayejipatia data binafsi bila idhini ya anayeishikilia, na pia anayeifichua kwa mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Akimpa rafiki huyo "ya chai", Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 nayo inafikia kifungo cha miaka kumi au faini ya shilingi milioni 5. Kuingia katika simu au barua pepe ya mtu kwa siri ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, na kunasa mawasiliano yake kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 10. Ndoa haibadilishi hesabu hii. Ni kweli kwamba uzinzi ungali sababu ya talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na kukusanya ushahidi wake ni kazi inayoombwa sana, lakini simu ya mke ni ya mke.

Lipo pia suala la kesi alizozishika mwenyewe. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 inamzuia aliyekuwa afisa kumtumikia mtu katika jambo alilolishughulikia akiwa ofisini, kwa muda usiopungua miaka miwili. Aliyechunguza wizi wa shamba fulani asiajiriwe mwaka unaofuata na mmoja wa wanaoligombania.

Kwa kuwa hukusanya data za watu, mpelelezi aulize pia kuhusu kujisajili kwa Kamishna wa Data. Kanuni za mwaka 2021 zinawasamehe wenye biashara ndogo, lakini shughuli za kuzuia uhalifu zimo katika orodha ya zisizosamehewa.

Kwa anayetaka kumwajiri mpelelezi

Mwananchi aombe namba ya usajili na kuithibitisha kwa PSRA kabla ya kulipa chochote. Adai mkataba ulioandikwa, unaotaja kinachochunguzwa, malipo, muda, na nani atakayebaki na picha na faili kazi ikiisha. Mpelelezi anayeahidi rekodi za simu, taarifa za benki au "watu wangu ndani" anamuuzia mteja kosa la jinai. Anayehitaji tu kujua iwapo hatimiliki ya shamba ni halisi huenda asihitaji mpelelezi kabisa: upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi hufanywa na raia yeyote mwenye namba ya hatimiliki.

Malalamiko kuhusu mpelelezi asiyesajiliwa au aliyevunja masharti hupelekwa PSRA. Aliyefuatiliwa na kuona faragha yake, inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba, imevunjwa, anaweza kulalamika bila malipo kwa Afisi ya Kamishna wa Data, ambayo inatakiwa kuhitimisha uchunguzi wa lalamiko katika siku 90.