Mnyama Asiyechorwa: Fedha, Uhunzi na Ngano katika Milima ya Upare

Mapambo ya fedha yenye umbo la tembo, twiga au simba, yanayouzwa katika miji ya kitalii ya kaskazini mwa Tanzania, mara nyingi hunadiwa kuwa yamechota maana kutoka katika ngano na imani za wenyeji. Dai hilo likipimwa kwa historia ya Same na Milima ya Upare halisimami, kwa kuwa katika milima hiyo mnyama alibeba maana nzito pasipo sura yake kufuliwa juu ya madini. Makala haya yanashikilia kwamba mnyama na madini vilikutana Upare katika kazi na katika tambiko, na kwamba sonara wa leo anayetaka kufua fedha yenye asili ya Upare hana budi kuanzia hapo.

Upare ulikuwa nchi ya wahunzi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, ameeleza jinsi Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, ulivyotawaliwa na Washana, ukoo wa wafua chuma, hadi Wasuya wakiongozwa na Angovi walipowapindua. Utawala ulihama, lakini ujuzi wa moto ulibaki kwa Washana, kwani hakuna mtawala ambaye angeweza kuishi bila majembe na mikuki. Mchanga mweusi wenye chuma, ambao vijito huushusha kutoka milimani, ulikusanywa na kuoshwa, kisha ukachomwa kwa makaa ndani ya tanuri, na chuma kilichopatikana kilifika hadi Uchagani, ambako kilibadilishwa kwa mifugo. Mivukuto, yaani mifuko ya kupulizia hewa kwenye moto, ilishonwa kwa ngozi ya mbuzi. Jambo hili huonekana dogo, lakini lina uzito katika hoja hii: mnyama wa kwanza kuhusika na madini ya Upare alikuwa mbuzi aliyeupa moto pumzi, wala si simba aliyenakshiwa kwenye bangili.

Fedha yenyewe ilikuja na biashara ya pwani. Misafara iliyotoka Pangani na Tanga kuelekea Kilimanjaro ilifuata bonde la mto Ruvu, chini ya milima hii, na katika biashara hiyo zilizunguka riale za Maria Theresa, sarafu zilizoendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780 kwa miaka mingi baadaye, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 28 hivi na fedha halisi ya sehemu tano kwa sita. Zilifuatwa na rupia za utawala wa Wajerumani, za gramu 11.7 hivi. Masonara wa pwani waliziyeyusha sarafu za namna hiyo na kufua vikuku, mitali na vijaluba vya hirizi, yaani visanduku vya kuvaliwa shingoni vyenye maandishi ya kinga, na kwa kufuata desturi ya Kiislamu walipendelea nakshi za majani na mistari kuliko sura za viumbe. Kitaalamu, hakuna kilichomzuia mhunzi wa Upare kufanya kazi hiyo. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, ilhali tanuri la kutenga chuma na taka zake huhitaji zaidi ya nyuzi 1,100, kwa hiyo joto alilolizoea lilitosha na kusalia. Kuadimika kwa ufuaji wa fedha milimani hakuwezi kuelezwa kwa upungufu wa ujuzi; kilichokosekana ni malighafi, na pengine haja.

Katika ngano za ukanda huu, sungura hushinda kwa werevu, fisi huangamizwa na ulafi wake, na tembo hupumbazwa licha ya nguvu zake. Maana imo katika tendo, na sungura aliyetulia juu ya kipuli bila kumhadaa mtu yeyote ameshapoteza kile kilichomfanya akumbukwe. Katika tambiko, maana imo katika mwili wa mnyama mwenyewe. Kwa Wachaga, majirani wa Wapare, ukanda wa ngozi ya mbuzi aliyechinjwa kwa tambiko ulivishwa kidoleni. Hiyo ni pete ya mnyama katika maana kamili, ingawa haina picha yoyote. Hali ilikuwa tofauti kwa Waasante wa Ghana, ambao mawe yao ya shaba ya kupimia dhahabu yalikuwa na maumbo ya ndege, mamba na samaki, na mengi yalisimamia methali zinazojulikana. Lakini sanaa hiyo ilitokana na biashara ya vumbi la dhahabu iliyohitaji vipimo vidogo, hitaji ambalo Upare haukuwa nalo, na kuiga matokeo yake bila chanzo chake ni kuazima vazi la mwingine.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba Same ya leo ina mnyama wake, faru weusi wanaotunzwa Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 lililopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Pete yenye faru ina haki ya kuwapo, mradi ielezwe kwa ukweli kuwa inazungumzia uhifadhi wa zama hizi na si ngano za mababu. Kwa anayetafuta mapokeo, ipo njia nyingine ambayo mbinu ya kuyeyusha nta inairuhusu, yaani kuunda umbo kwa nta, kulifunika kwa udongo, kuichoma nta itoke, kisha kumimina fedha mahali pake. Karatasi nyembamba ya nta ya nyuki ikikandamizwa kwenye ngozi kavu ya mbuzi hunakili vitundu vya vinyweleo na mikunjo yake, na ikikunjwa kuwa ukanda ulio wazi upande mmoja, fedha itakayomiminwa itatoka na chapa ya ngozi ile, bila kichwa, pembe wala kwato.