Jina la nyumbani, jina la njiani

Ukitambulishwa kwa Kulwa mjini Tabora, umeshaambiwa nusu ya habari zake: ndiye pacha aliyetangulia, na aliyemfuata ni Doto. Anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Mabula alikuja na mvua, na Makoye alipokelewa na nyumba yenye shida. Kwa Wanyamwezi, kama kwa ndugu zao Wasukuma, jina ni kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa, na mama huirudia kila anapomwita mwanawe.

Karne ya 19 wana hao walikwenda mbali. Kila kiangazi vijana walijitwika pembe za ndovu, mzigo wa frasila mbili au zaidi, yaani kilo thelathini na kitu, wakashuka nao hadi Bagamoyo. Hata hilo jina la Wanyamwezi walibandikwa na watu wa pwani. Njiani mtu alipata jina la pili, na hili halikutoka kwa mama. Lilitoka kwa waliomwona akipigana, akifanya biashara, au akiua.

Mtyela Kasanda ndiye mfano mzito kuliko wote. Aliunganisha himaya ndogo ndogo za magharibi ya Tabora, akajenga makao yake Urambo, na kuanzia 1871 akaifunga njia ya Ujiji kwa vita na Waarabu wa Tabora. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa. Mwaka 1876 alirudi akachanjiana damu na mtu yule yule. Wakati huo jina la utotoni lilikuwa limefunikwa kabisa. Watu walimwita Mirambo, yaani maiti, marundo ya maiti. Nalitafakari sana jina hili, maana halikumficha mtu kitu: aliyelitamka alikuwa akitaja waliokufa.

Wengine walijaribu kulinda sifa zao. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora na kuoa binti wa mtemi Fundikira, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa maelezo yake, jina lake la njiani, Tippu Tip, ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Bila shaka yeye alipenda zaidi ule mlio. Mwenzake wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliitwa Rumaliza, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani.

Wajerumani nao hawakusalimika. Tom von Prince, aliyeivamia ngome ya mtemi Isike wa Tabora mwezi Januari 1893, alijulikana kama Bwana Sakarani, mtu aliyelewa vita. Isike alikataa kushikwa hai; aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani.

Jina linalonihuzunisha zaidi, hata hivyo, si la mtawala. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa hadi India. Alirudi huru, akasafiri na wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke waliofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, kisha akatumika na Stanley na Cameron. Mubarak maana yake aliyebarikiwa, na Bombay ni mji wa ng'ambo. Watumwa wengi walipewa majina mazuri ya namna hiyo: Baraka, Faraji, Almasi. Aliyeuzwa kwa vitambaa aliitwa almasi na aliyemnunua, na jina alilopewa na mama yake likabaki kijijini pamoja na mama huyo.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Leo Tabora ina shule ya sekondari inayoitwa Milambo, kwa l, kama wenyeji wanavyotamka, na kila asubuhi wanafunzi hupita chini ya jina hilo wakikimbilia kengele, akina Kulwa na Mabula wakiwamo.