Dagaa Wapanda Mlima

Kigali ilianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipojenga kituo chake Nyarugenge, milimani, mbali na Ziwa Kivu na mbali zaidi na Ziwa Tanganyika. Wenyeji walikuwa watu wa maharage, mtama na maziwa. Samaki hakuwa chakula chao, na wapo waliomwonea kinyaa. Ukiniuliza nani aliizoesha Kigali harufu ya dagaa, nitakuelekeza Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waswahili, ambao biashara iliwaunganisha na Ujiji na pwani.

Ziwa Kivu lenyewe lilikuwa na samaki haba, na maji yake ya kati hayakuwa na samaki mkazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji wakasafirisha maelfu ya vifaranga vya dagaa kutoka Tanganyika na kuvimwaga humo. Walipeleka aina mbili. Ikashika moja tu, Limnothrissa miodon, ambayo Wanyarwanda wanaiita isambaza. Leo wavuvi wa Gisenyi na Kibuye hufunga mitumbwi mitatu sambamba kwa miti mirefu, huwasha taa, hutega wavu chini, na hupiga makasia kwa nyimbo. Isambaza hukaangwa wakiwa wabichi, na kijitone cha akabanga juu yake, mafuta ya pilipili kali kweli.

Lakini ingia soko la Kimironko, Kigali. Katika magunia yaliyofunguliwa midomo, indagara, yaani dagaa, wakavu wengi wametoka Tanzania: wengine Ziwa Tanganyika, wengine Ziwa Victoria, wakipitia soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kisha daraja la Rusumo mpakani. Mnunuzi mzoefu hakurupuki. Huchukua wachache kiganjani, huwasugua aone kama watamwaga mchanga, humvunja mmoja na kumnusa. Wa Kigoma wanang'aa kama fedha na bei yao iko juu. Walionyeshewa mvua kabla ya kukauka huwa wekundu, wachungu, na hao ndio wanaostahili kuwa chakula cha kuku.

Kuhifadhi samaki wadogo kuna njia nyingi: Wakambodia huwatia chumvi wale wa ziwa lao la Tonle Sap na kuwavundika hadi wawe prahok. Huku kazi yote imeachiwa jua. Nyumbani dagaa huchambuliwa, huoshwa kwa maji moto, hukaangwa kidogo, ndipo huingia kwenye isombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, pamoja na karanga na mawese. Kivu linapofungwa kila mwaka ili samaki wazaane, isambaza huadimika mijini. Wakati huo magunia ya Rusumo hayana likizo.